Star Wars za 1999 hadi 2005: tuliahidiwa urafiki wa Obi-Wan na Anakin, tukapewa kikao cha Seneti

Wakuu, naomba nitoe nyongo. Nimechoka kusikia eti zile muvi tatu za Star Wars, zinazosimulia yaliyotangulia ile ya kwanza ya 1977, "zimekuja kueleweka baadaye". Nimezirudia zote, The Phantom Menace ya 1999, Attack of the Clones ya 2002 na Revenge of the Sith ya 2005, mfululizo, bila kurusha mbele hata kipande. Hazijaeleweka. Zimezidi kunichefua.

Na kabla hamjaanza kutoa mapovu: sijaja hapa kumsema Jar Jar Binks, yule kiumbe wa kuchekesha. Ameshatukanwa vya kutosha, na aliyemwigiza, Ahmed Best, alishaeleza hadharani kwamba ile kebehi ilimfikisha mahali pa kufikiria kujiua. Mtoto wa watu Jake Lloyd, aliyemwigiza Anakin mdogo, naye aliandamwa. Ule ulikuwa ushenzi. Waigizaji walisema walichoandikiwa. Aliyeongoza zote tatu ni George Lucas, na kuandika aliandika yeye, isipokuwa ya pili aliyosaidiana na Jonathan Hales. Ugomvi wangu ni wa hadithi.

Turudi 1977. Mzee Obi-Wan, yule wa Alec Guinness, yuko kibandani kwake jangwani na kijana Luke, anamgusia habari za baba yake (ndiye Anakin). Rubani hodari kuliko wote, mpiganaji mjanja, tena alikuwa rafiki mwema. Maneno machache tu, lakini kwenye macho ya yule mzee uliona msiba mzima. Tangu siku hiyo tukawa tunaidai hiyo hadithi: watu wawili wameshibana, mmoja anageuka Darth Vader, yule adui mkuu, mwingine anaishia kujificha mchangani. Huhitaji kuongeza chumvi. Muvi tatu zinatosha kabisa.

Sasa tazama tulichopewa. Sehemu ya kwanza, Obi-Wan na Anakin karibu hawaongei. Obi-Wan ameachwa kwenye chombo wakati mwalimu wake Qui-Gon anazunguka mjini na kumgundua mtoto Anakin. Qui-Gon ndiye anayempigania mbele ya Baraza la Jedi, wale mashujaa wanaotumia Nguvu ya fumbo. Obi-Wan anasema waziwazi kwamba mtoto yule ni hatari. Mwishoni anamchukua kwa sababu tu mwalimu amekata roho huku akimwachia usia. Huo ni urafiki au ni kubebeshwa mzigo wa marehemu?

Sehemu ya pili, miaka 10 imepita. Wako kwenye lifti, wanapanda kwenda kwa Padmé, seneta anayependwa na Anakin. Obi-Wan anamtania kijana kwamba hajamwona ana wasiwasi hivi tangu walipoangukia kwenye kiota cha gundark, wanyama wakali. Anakin anamrudishia: ulioanguka ni wewe, mimi ndiye niliyekutoa. Wanacheka, lifti inafika, imeisha. Jamani! Hicho ndicho kipande kitamu kuliko vyote kuhusu hawa wawili, na kinasimulia tukio ambalo halimo kwenye muvi! Mimi hicho kiota ndicho nilichotaka kukiona. Baada ya hapo ni karipio juu ya karipio, halafu wanatenganishwa, Obi-Wan sayari ya Kamino kupeleleza, Anakin sayari ya Naboo kumbembeleza Padmé. Wanakuja kuonana tena uwanjani wakiwa wamefungwa kwenye nguzo.

Ya tatu mchezo uleule. Kuna mambo yaliwapata sayari ya Cato Neimoidia, nayo wanayataja kwa mdomo na kupita. Kisha mwishoni, kando ya mto wa lava, Obi-Wan analia kwamba ulikuwa ndugu yangu, nilikupenda. Ewan McGregor pale anatoa roho yake yote, sina neno naye. Ila mimi nimekaa najiuliza: lini? Mlipendana lini, na mbona hamkutuita?

Vita vya Clone, vile vya askari walionakiliwa, hivyohivyo. Vimetajwa tangu 1977. Vinaanza dakika za mwisho za sehemu ya pili, na ya tatu inapofunguka tayari viko ukingoni. Vita vyenyewe vimepiganwa katikati ya muvi na muvi, sisi tukiwa nyumbani. Najua kuna mtu ameshaanza kuandika "katazame katuni". The Clone Wars ya 2008 nimeitazama, ni nzuri, na Anakin wa humo ana utani na watu wanamfuata vitani kwa moyo. Ndiyo hasira yangu inapozidi. Kumbe iliwezekana! Lakini katuni imeanza miaka mitatu baada ya muvi ya mwisho kutoka, na aliyekata tiketi mwaka 2005 hakupewa huyo Anakin. Alipewa kijana wa kununa na kulalamikia mchanga.

Muda ulikwenda wapi? Kwenye kodi. Yale maandishi ya njano yanayopanda mwanzoni mwa The Phantom Menace yanatufungulia na mzozo wa kutoza kodi njia za biashara. Baadaye kuna kura ya kutokuwa na imani na Chansela Valorum, mkuu wa Jamhuri. Msiniambie sielewi siasa. Hila za Palpatine, seneta anayekuja kuwa mtawala wa kiimla, zimepangwa vizuri, na Ian McDiarmid ndiye pekee anayeonekana kufurahia kazi yake. Ila siasa ile ilitakiwa iwe nyuma ya wale marafiki wawili, siyo mbele yao. Kwenye kipimo cha damu nako wakaenda, Nguvu iliyokuwa fumbo ikawa ni midiklorian, vijidudu vya damuni, mtoto ana zaidi ya 20,000, amemzidi Yoda, mzee wa Jedi. Sawa, daktari.

Maadui siwasemi sana. Darth Maul, aliyekuwa na sura ya kukukosesha usingizi, anakatwa vipande viwili kabla hajaongea ya maana. Anakuja Dooku. Anakuja Grievous na kikohozi chake. Kila muvi adui mpya, hakuna anayekaa ukamchukia.

La Padmé linaniuma kivyake. Huyu alikuwa malkia wa kuchaguliwa akiwa na miaka 14, akashika bastola kuikomboa ikulu yake, akawa seneta aliyekwepa mabomu. Anakufa vipi? Roboti daktari anasema mwili hauna tatizo, amepoteza tu nia ya kuishi. Mapacha wake, Luke na Leia, wamezaliwa dakika hiyo! Na humohumo wakavunja muvi ya 1983, ambapo Leia anamwambia Luke kwamba anamkumbuka mama yake kidogo, alikuwa mzuri, mpole, mwenye huzuni. Anamkumbuka kutoka wapi, leba?

Na Luke kufichwa Tatooine. Unamficha mtoto wa Vader kwenye sayari alikokulia Vader, kwa ndugu wa kambo wa Vader, kwenye shamba lenye kaburi la mama yake Vader, na jina lake unamwachia Skywalker. Mlinzi naye amebadili Obi-Wan kuwa Ben, Kenobi ameiacha palepale. Mwaka 1977 hili halikuwa tatizo, kwa kuwa hakuna aliyesema Vader katokea huko. Wamelitengeneza wenyewe, kwa kutaka kila mtu awe na undugu na kila kitu, mpaka roboti C-3PO naye akawa kaundwa na Anakin utotoni.

Haya, mnaozitetea karibuni. Nitajieni kipande kimoja, ndani ya muvi zenyewe, ambacho Obi-Wan na Anakin wanafanya jambo pamoja kama marafiki, mwanzo hadi mwisho. Ule uokoaji wa Palpatine unaofungua ya tatu nimeshaufikiria, msijisumbue: pale Anakin anapomkata kichwa Dooku, dakika inayoamua maisha yake yote, rafiki yake kipenzi amelala sakafuni, amezimia.