Tupeane uzoefu: namna ya kuwamaliza maadui wa Breath of the Wild

Wakuu, tangu gemu hii ya Nintendo itoke 2017 kuna wanaosema maadui wake ni walewale waliopakwa rangi tofauti. Sikubaliani nao. Bokoblin (zimwi dogo la kawaida) mwekundu ana damu, yaani alama za uhai, 13, wa buluu 72, mweusi 240, wa fedha 720, na kadiri unavyoua ndivyo gemu inavyokuletea wa daraja la juu, wakiwa na silaha kali zaidi. Anayetegemea kukimbilia na kupiga tu ataishiwa silaha kabla ya adui kuishiwa damu. Kila mmoja alete adui anayemmudu, na aeleze kwa hatua.

Ngao Kwanza
Naanza na Guardian Stalker, yaani ile mashine yenye miguu inayopiga mwale kwa jicho, damu 1500. Shika kitufe cha ZL, ngao iwe mbele, mtazame. Doa jekundu litakuganda na mlio utazidi kwenda kasi, tulia. Jicho liking'aa ghafla, mwale ndio umetoka: bonyeza kitufe cha A. Ukipatia, mwale unamrudia mwenyewe, na mitatu inammaliza. Wale wabovu waliokwama ardhini wana damu 500, kwa hiyo mmoja unatosha.

Kinachowaangusha wengi ni umbali. Mwale unasafiri, hivyo ukiwa mbali chelewesha kidogo, ukiwa karibu bonyeza papo hapo. Hata kifuniko cha chungu kinaurudisha, ila ukikosea muda kinavunjika. Kama vidole bado vizito, msogelee umkate miguu: kila unapokatika anayumba, na wewe unapata nafasi ya kwenda kwenye unaofuata.

Mshale wa Barafu
Kambi za Bokoblin na Moblin (mazimwi marefu zaidi) zinataka akili kuliko nguvu. Kwanza mwondoe mlinzi aliye juu ya mnara, maana akipuliza pembe wote wanaamka. Waliolala wanyatie: pigo la kwanza kwa adui asiyekuona ni mara 8 ya kawaida. Bomu usilitupe mbele yao ovyo, Bokoblin hulipiga teke likakurudia.

Adui aliyegandishwa, pigo linalofuata ni mara 3. Hivyo gandisha kwa mshale, kisha badili uchukue silaha nzito kuliko zote. Ukimgusa na kijisu, umeipoteza nafasi. Umeme nao huwaangusha silaha mikononi, kimbia uziokote kabla yao. Fire Wizzrobe (mchawi wa moto) na jamaa zake wa moto hufa kwa mshale mmoja wa barafu, na wa barafu kwa moto.

Mvua ya radi ikianza, vua kila cha chuma. Ukiona upanga unatoa cheche, urushe miguuni pa adui, radi itamalizia kazi.

Mpanda Lynel
Lynel, yule mnyama mwenye mwili wa farasi na kiwiliwili cha mtu, ndiye mtihani halisi wa gemu nzima. Mwekundu ana damu 2000, wa fedha 5000. Usikae mbali, kwa sababu atatumia upinde, na mishale yake hupanda juu ikakushukia hata ukijificha nyuma ya mwamba. Akishusha silaha kutoka juu, ruka pembeni. Akifyeka kwa mlalo, ruka nyuma. Ukipatia, muda unapungua kasi nawe unammiminia mapigo kwa kitufe cha Y.

Njia ninayoipenda zaidi: mpige mshale usoni, akipiga goti kimbia ubonyeze A umpande mgongoni. Mapigo ya pale juu hayachakazi silaha hata kidogo, kwa hiyo tumia ile kali kuliko zote uliyokuwa unaibania. Akikurusha, fungua upinde ukiwa bado hewani na umlenge uso tena. Angalia tu pumzi, kwa sababu kulenga hewani kunaila haraka.

Ngao Kwanza
Naongezea Molduga, lile dude kubwa linaloogelea chini ya mchanga wa jangwani, mkuu. Panda juu ya mwamba, mchangani anasikia kila hatua. Tupa bomu mbali nawe, subiri alimeze, ndipo ulilipue. Akilala tumbo juu, shuka umpige, na urudi mwambani kabla hajajizika tena.