Nimelindishwa helmeti 11 juu ya daraja Regensburg, mimi na huyu mtu basi tena

Wakuu habari za jioni, mimi zangu si nzuri. Ndo naingia ndani saa hizi, buti sijavua, vidole vya miguu sivisikii, ila hili jambo siwezi kulala nalo.

Yule mtu wetu mnamjua. Jina sitaji. Yule wa masanduku matatu ya alumini, yule ambaye kila tukisimama sheli lazima atoe hotuba ya dakika 40 kuhusu presha ya tairi. Huyo huyo. Leo kaniambia mbele za watu, juu ya daraja, watalii wanapita, "wewe baki hapa ulinde helmeti".

Linda helmeti. Mimi!

Ngoja nianze mwanzo maana nikianzia hapo nitavunja simu. Ijumaa tuliondoka watu 11 kwenda Elefantentreffen, kwa ambao hamjafika ni ule mkutano wa pikipiki wa katikati ya baridi kule Solla, Thurmansbang, ndani kabisa ya msitu wa Bavaria, Ujerumani. Ulianza 1956 pale Solitude karibu na Stuttgart, na jina la tembo limetokana na pikipiki ya Zündapp KS 601 iliyokuwa ikiitwa tembo wa kijani. Hapo Solla upo tangu 1989. Watu wanakuja na mapikipiki ya kila aina, mengine yana kitoroli ubavuni kimejaa kuni, Wataliano wamejaa tele, unapiga hema juu ya theluji, chini unatandika majani makavu, usiku mzima ni moto na supu. Maji ya kunywa yaliganda kwenye chupa, mswaki uliganda, mimi mwenyewe niliganda, na nilifurahi kama mtoto siku ya Idi. Siku hizo mbili sina neno. Hata yeye nilimvumilia, japo alikoroma mpaka theluji ikawa inadondoka kwenye miti.

Sasa Regensburg. Regensburg ni wazo LANGU. Someni kundi letu la WhatsApp, tangu mwezi wa 10 mimi ndo nasema jamani tukirudi Jumapili tusipite tu na barabara ya A3 kama mizigo, kutoka Solla hadi Regensburg ni kama kilomita 100 tu, tusimame tuone mji. Mji wenyewe si wa mchezo. Warumi walijenga kambi yao pale mwaka 179 na lango lake la mawe, Porta Praetoria, bado limesimama mtaani unaligusa kwa mkono. Kuna jumba la zamani la mji ambalo bunge la dola lote la Wajerumani lilikaa kuanzia 1663 mpaka 1806, na chini ya ukumbi kuna chumba cha mateso. Kuna nyumba aliyofia Kepler mwaka 1630, yule wa sayari. Uwanja wa Neupfarrplatz pale chini ya ardhi kuna mabaki ya mtaa wa Wayahudi waliofukuzwa 1519. Mji mkongwe wote umeingizwa UNESCO mwaka 2006. Nilisoma vyote hivi, nikaandika kwenye kidaftari, nikapanga wapi tuanze wapi tumalizie. Na zaidi ya yote nilitaka misa ya Jumapili saa 4 asubuhi pale kanisa kuu la Mtakatifu Petro, kwa sababu kuna kwaya ya watoto, Domspatzen, ambayo chanzo chake ni shule ya mwaka 975. NIMETOKA MUHEZA NIKITAKA KUSIKIA HIYO KWAYA.

Basi. Tumefika saa 3 na nusu, pikipiki tumeegesha ng'ambo ya mto, tunavuka daraja la mawe kwa miguu, ile Steinerne Brücke, iliyojengwa 1135 hadi 1146, magari hayapiti tena, unatembea tu mto Donau unanguruma chini yako, kanisa lenye minara yake miwili limekukalia mbele. Nina furaha. Ndo naanza kuwaeleza kuhusu matao. Yeye akasimama pale katikati, kwenye ile sanamu ndogo ya Bruckmandl, akavua helmeti yake, akaiweka chini, akaniangalia mimi, MIMI KATI YA WATU 11, akasema kanisani haifai kuingia na helmeti, "wewe baki hapa ulinde helmeti, si uliwahi kuwa bodaboda, vitu vya abiria umezoea".

Na watu wakacheka! Halafu mmoja mmoja akaja kuweka yake. Tap. Tap. Tap. Ile sauti bado ninayo masikioni.

Ndiyo niliendesha bodaboda, miaka minne, Muheza mpaka Amani, barabara ya matope, na mama wajawazito nimewafikisha hospitali usiku wa manane. Naona fahari. Sasa bodaboda na kulinda helmeti vinahusiana vipi? Na yale masanduku yake matatu yana kufuli, unaingia kondoo mzima na pembe zake, helmeti haziingii? Stesheni ya treni ina makabati ya kuwekea mizigo, unaweka sarafu unafunga. Hata zamu hatukupangiana! Nilisema jamani basi tupeane zamu, akasema "tutarudi chap".

Nimekaa pale masaa mawili na dakika 10. Upepo wa mtoni hasi 4. Helmeti nimezipanga mstari kama ninauza. Kengele zimelia, misa imeanza, imeisha, mimi nipo. Yule Bruckmandl pale juu ameweka mkono kwenye paji la uso anaangalia kanisa, nami chini yake naangalia kanisa, tofauti ni kwamba yeye ni jiwe. Watalii wamenipiga picha. Akaja bibi mmoja wa Kijerumani, mpole tu, akanitazama kwa huruma akatumbukiza euro 2 ndani ya helmeti. Euro mbili! Nilitaka kumkimbilia nimrudishie, nikakumbuka siwezi kuondoka, nalinda helmeti.

Kumbe wenzangu walitoka kanisani wakaenda moja kwa moja Wurstkuchl, lile jiko la soseji la zamani hapo hapo chini ya daraja, nikigeuka nauona moshi. Wamekaa ndani penye joto wanakula soseji na kabichi chachu na haradali tamu. Mita chache kutoka nilipo! Wanarudi, yeye kashika kimkate kimoja kimepoa, anasema "mpeni mlinzi soseji". Halafu, "aisee wale watoto waliimba, ungekuwepo ungelia". NINGEKUWEPO. Nani alinizuia nisiwepo?

Nikasema basi sasa zamu yangu, nipeni hata nusu saa. Akasema theluji inakuja, tunaondoka. Nimetoka Regensburg sijagusa hata ukuta wa kanisa.

Wewe linda helmeti. Sitasahau mpaka naingia kaburini. Nataka atoke uongozi wa msafara na aniombe radhi hapa hapa.

---

Gea_ya_Sita: Siti ya mbele. Mleta mada pole ila nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta.

MwanaTanga_Ulm: Uzi bila picha ni chai. Weka picha ya hizo helmeti zikiwa mstarini.

Klachi_Laini: Mimi nilikuwepo. Ile ya kijani ilikuwa yangu. Nashukuru kwa kulinda lakini kioo chake nimekikuta kina mkwaruzo. Sisemi ni wewe, ila wakati nakukabidhi haukuwepo.

Mleta mada: @Klachi_Laini HUKUNIKABIDHI! Uliiweka chini ukakimbilia kwaya! Na ulicheka, nilikuona, ulicheka wa pili!

Klachi_Laini: Nilicheka wa tatu. Wa pili alikuwa yule wa Nürnberg.

Mama_Mbili_Tairi: Mdogo wangu pole sana. Huyo mtu namjua, mwaka juzi Hamburg tulikwenda ile misa ya wapanda pikipiki pale kanisa la Michel, MOGO, ilianza miaka ya 80, maelfu ya pikipiki, jambo zuri kabisa. Akaniambia mimi nikae na mabegi kwa kuwa "nyie akina mama mnachoka". Mimi nina leseni ya A kabla yeye hajajua kuendesha baiskeli.

Bavaria_Sugu: Kwani hela ya yule bibi iko wapi?

Mleta mada: Ipo mfukoni mwangu. Kwa nini?

Bavaria_Sugu: Iliingia helmeti ya nani?

Klachi_Laini: Iliingia ya kwake yeye kiongozi, ile nyeusi. Ameshauliza huko kundini.

Mleta mada: AMEULIZA???

Mweka_Hazina_Mstaafu: Kwa utaratibu, mapato yoyote yanayopatikana katika safari ya kikundi huingia mfuko wa kikundi. Euro 2 ni euro 2.

Gea_ya_Sita: Mfuko upi mkuu, ule uliopotea pamoja na michango ya pilau?

Nairobi_Kwa_Baridi: Wueh! Ati two hours na ulikaa tu? Buda, mimi ningeziacha hapo niende zangu kanisa, mtu akipata helmeti yake ni bahati, akikosa aende na kichwa wazi akutane na polisi wa A3. Wewe ulikuwa unaogopa nini?

Mleta mada: Nimelelewa kutunza mali ya mtu. Ndiyo maana inaniuma.

Mzee_wa_Karbureta: Vijana mnajua hadithi ya hilo daraja? Wanasema fundi wa daraja alishindana na fundi wa kanisa nani atamaliza kwanza, akafanya mapatano na shetani, roho 3 za kwanza zitakazovuka ni za shetani. Daraja likaisha, fundi akatanguliza jogoo, kuku na mbwa. Hiyo sanamu uliyokaa chini yake wanasema ndo huyo fundi anachungulia kama kanisa limeisha. Kanisa lenyewe minara imekamilika 1869.

Gea_ya_Sita: Kwa hiyo jogoo, kuku, mbwa, mlinzi.

Mleta mada: Mzee hiyo hadithi NDIYO niliyokuwa nawasimulia pale darajani akanikatiza! Nilikuwa nimefika kwenye kuku!

MwanaTanga_Ulm: Kusema kweli kosa ni kwenda Regensburg. Ungeenda Bamberg, nayo ni UNESCO tangu 1993, bia ya moshi, hakuna kona ya kubanana.

Mama_Mbili_Tairi: Bamberg na mawe yale ya barabarani kwenye theluji? Rothenburg ndo mji, unatembea juu ya ukuta.

MwanaTanga_Ulm: Rothenburg watalii watupu mama, chai euro 5.

Bavaria_Sugu: Nyie mnalalamika mji, mimi mwaka jana nimezuiwa kupita Tirol ya Austria, pale Außerfern kiangazi ukiwa na pikipiki iliyoandikwa kelele zaidi ya desibeli 95 kwenye karatasi zake hupiti, tangu 2020. Nimenunua ekzosi ya bei mbaya, nimerudishwa mpakani kama ng'ombe.

Mzee_wa_Karbureta: Rudisha ekzosi ya kiwandani.

Bavaria_Sugu: Haisaidii mzee, wanaangalia namba iliyo kwenye karatasi, na yangu ni 97 toka kiwandani. Sitaki ushauri nataka haki.

Mgeni_Leipzig: Samahani wakuu mimi mpya, leseni yangu ya pikipiki ya Tanzania inatumika hapa?

Mama_Mbili_Tairi: Miezi 6 tangu uhamie, baada ya hapo unafanya mtihani wa nadharia na wa barabarani, hawabadilishi hivi hivi. Andaa pesa mwanangu, mimi nusura niuze friji.

Mgeni_Leipzig: Nina miezi 5 na nusu.

Nairobi_Kwa_Baridi: Bro kimbia.

Mleta mada: Jamani turudi kwenye mada. Aliniambia LINDA HELMETI.

Mweka_Hazina_Mstaafu: Na hayo maneno kuhusu pilau naomba mtu ayathibitishe. Mchele ulikuwa kilo 8 na nina risiti.

Klachi_Laini: Kilo 8 watu 11, nyama sikuiona. Masanduku yale ya alumini ndo yalikuwa na sufuria la pilau na majani makavu, ndo maana helmeti hazikuingia.

Mleta mada: KULIKUWA NA PILAU?

Gea_ya_Sita: Hukupewa?

Mweka_Hazina_Mstaafu: Lilikuwa la watu waliolipa mapema.

Mama_Mbili_Tairi: Nililipa mwezi wa 11 na mimi sikuliona! Weka hiyo risiti hapa sasa hivi, tena na ya nyama.