Kusafisha hifadhidata ya Firebird bila kuitoa yote na kuirejesha

Mlinzi_wa_Seva: Wakuu, naombeni ushauri. Nina hifadhidata ya Firebird inayotumika usiku na mchana. Ikianza kuwa nzito, dawa tuliyozoea ni gbak: tunachukua nakala nzima, tunairejesha, inachangamka. Sasa faili limenenepa na watumiaji hawataki kusikia habari ya kuzimiwa mfumo. Inasafishika ikiwa kazini?

Fundi_Faharasa: Inasafishika, ila tafuta kwanza anayechafua. Ukibadilisha rekodi, Firebird haifuti ile ya zamani papo hapo. Huibakiza kwa ajili ya muamala (transaction, yaani kundi la hatua za kusoma au kuandika data zinazohesabiwa kama kazi moja) ambao huenda bado unaihitaji. Programu moja ikifungua muamala na kuusahau, takataka zinazofuata, yaani hizo rekodi za zamani, zinakaa palepale, hata upige fagio mara ngapi. Endesha gstat -h, amri ya kuonyesha hali ya hifadhidata, linganisha namba ya muamala hai mkongwe na ya muamala ujao. Pengo likiwa kubwa na linazidi kukua, ingia MON$TRANSACTIONS, jedwali la miamala iliyo wazi, umtafute mwenyewe.

Baada ya hapo ndipo gfix -sweep, amri ya kufagia takataka, saa za watu wachache. Haihitaji kumtoa mtu. Sweep ya kujiendesha yenyewe huja ikiwa imewekwa pengo la miamala 20,000, na ina tabia ya kuanza wakati kazi za watu zimepamba moto. Mimi huizima kwa gfix -h 0, naipangia usiku.

Mlinzi_wa_Seva: Na faili litapungua?

Fundi_Faharasa: Halipungui. Kurasa zilizoachwa wazi hutumika tena kwa data mpya. Kulipunguza ni mpaka urejeshe, na sioni sababu ya kuhangaika nalo kama diski inatosha.

BiNakala: Mkuu, usije ukaacha na kuchukua nakala! gbak -b peke yake, bila kurejesha, hupitia kila rekodi na kuzoa takataka njiani, mradi usiweke -g, inayozima uzoaji huo. Ila nbackup, chombo kingine cha nakala, haisafishi: inakopi kurasa jinsi zilivyo, na uchafu wake. Takwimu za faharasa (index) nazo zihuishe kwa SET STATISTICS INDEX.

Mlinzi_wa_Seva: Nimemkamata. Ni programu ya ripoti, inashikilia muamala mmoja tangu inapowashwa.

Fundi_Faharasa: Waambie waandishi wake wautumie muamala wa kusoma tu, wa READ COMMITTED, yaani unaoona mabadiliko yaliyokwisha kuthibitishwa tu. Huo hata ukikaa wazi siku nzima, kwa kawaida hauzuii usafi.

BiNakala: Na waizime na kuiwasha upya kabla hujaendesha sweep, la sivyo ya leo itakuwa kazi bure.