Mashua imepakwa rangi juu ya mishono isiyo na pamba, na bamvua inanipita

Assalam aleikum ndugu zangu wa Amu (Lamu), Shela, Matondoni, Faza, Kizingitini na kote kunakopandishwa vyombo. Uzi huu nimeufungua nikiwa na hasira, na sina sababu ya kuificha.

Mashua yangu ya futi 28 niliipandisha kwenye karakana moja ya hapa kisiwani mwezi wa Mei, kusi lilipoanza kukaza, kama tunavyofanya wengi. Karakana siitaji jina kwa sababu shauri liko mbele ya wazee na nimewaahidi kuwaachia nafasi. Tulipatana hivi: wakwangue chini yote, wang'oe pamba kuukuu, wabadilishe mbao mbili zilizooza ubavu wa kushoto, watie kalafati upya, yaani wazibe mishono kwa pamba, kuanzia mkukuni (uti wa chini wa chombo) mpaka juu, wapake deheni, yaani chokaa iliyopondwa na shahamu, na chombo kishuke kwa bamvua (maji makubwa) ya Septemba. Nilitoa shilingi 90,000 za mwanzo. Mbao za mbambakofi nilinunua mwenyewe. Pamba na mafuta ya papa nilipeleka mwenyewe, mkononi mwa fundi mkuu, mbele ya watu.

Septemba ikapita. Oktoba nikaambiwa "bamvua ijayo, inshallah." Sasa tuko Novemba, kusi limekwisha, kaskazi linabisha hodi, wageni wa Desemba wameanza kuuliza vyombo, na mashua yangu bado iko juu ya magadi, magogo ya kuegemezea chombo.

Na hilo la kuchelewa ningelimeza, wallahi. Vyombo huchelewa, mafundi huugua, mbao hukosekana. Lakini fundi wa pwani anajua kuliko mtu yeyote kwamba maji hayamngoji mtu. Mwezi ukiandama, na tena ukipevuka, siku moja au mbili baadaye maji hujaa mpaka juu. Baina ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Ukiikosa bamvua hiyo, unakaa karibu wiki mbili na maji mafu yasiyogusa hata magadi ya nyuma. Mashua yangu ni nzito na imepandishwa mbali, haishuki ila kwa maji makubwa. Basi ukiniambia "njoo kesho kutwa" siku ambayo maji yameshafika kileleni, hujanichelewesha siku mbili. Umenila nusu mwezi, na nahodha wangu na mabaharia wake wamekaa barazani bila riziki.

Kilichonifanya niandike ni nilichokiona juma lililopita.

Nilipofika niliikuta inang'aa. Buluu juu, nyeupe ubavuni, nyekundu chini ya mstari wa maji, na jina limeandikwa upya kwa mkono mzuri. Vijana wa karakana wamesimama wanatabasamu, wanataka salio. Nikazunguka, nikapiga magoti upande wa kushoto, nikatoa kisu. Kwenye mshono wa kwanza juu ya mkuku, pale ambapo chombo chochote kibovu huanza kunywa maji, ncha ilizama mpaka mpini bila kugusa kitu. Nikavuta polepole. Ukatoka utepe wa rangi laini ambayo haijakauka, nyuma yake nyuzi za gunia la nailoni zilizosokomezwa kwa kidole, na nyuma ya nyuzi hakuna kitu. Nilimtuma mpwa wangu aingie ngamani, tumboni mwa chombo, na tochi. Akapiga kelele kutoka ndani: "Mjomba, nakiona kisu!"

Nilijaribu mshono wa pili, na wa tatu kuelekea tezi (nyuma). Hali ni ile ile. Kwenye omo (mbele) ndiko nilikokuta pamba, na ni pamba ya zamani, nyeusi, inayomomonyoka mkononi. Hawakuing'oa. Wamepaka juu yake.

Jamani, rangi ni kazi ya mwisho. Kupaka rangi juu ya mshono mtupu ni kumpaka hina mwenye kidonda. Kwa vijana wanaosoma hapa ambao hawajawahi kukaa chini ya chombo, kazi inakwenda hivi. Mshono unafunguliwa, uchafu wote unatoka, ubao unachomwa kwa ncha ya kisu kila mahali kuona kama umelainika. Pamba inasokotwa mkononi, inalowekwa mafuta, inawekwa kwenye mshono na kupigiliwa kwa patasi butu na nyundo, kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka. Fundi mzuri anasikiliza. Mwanzo nyundo inalia sauti pana, kisha inakaza, na ikilia kama inagonga gogo zima anajua mshono umeshiba. Baada ya hapo ndipo unazibwa juu. Chini ya maji inapakwa deheni, au rangi ya dukani ya kuzuia magamba kwa mwenye uwezo. Mbao za juu zinapewa mafuta ya papa zinywe mpaka zikatae. Wazee wa Matondoni waliojenga majahazi ya kubeba boriti za mikoko mpaka Uarabuni hawakuwa na rangi ya buluu, walikuwa na pamba na subira.

Nilipomwonyesha fundi mkuu ule utepe, alinijibu mbele ya vijana wake: "Haina neno bwana, mbao zitafura majini, mishono itajifunga."

Hili jibu ndilo linalonichoma zaidi, kwa sababu lina ukweli ndani yake na ukweli huo ameugeuza kuwa ulaghai. Ndiyo, mbao hufura. Chombo kilichokaa juu muda mrefu huvuja kidogo siku za mwanzo, ndiyo maana tunakiacha kwenye maji madogo, watu wanafua maji ngamani zamu kwa zamu mpaka kitulie. Lakini mbao zinafura na kuibana pamba. Pasipo pamba zitabana nini? Mshono unaopitisha kisu kizima haufungwi na kufura. Na zikifura huku zimebana uchafu na nailoni, zitaachana tena jua likipiga, na safari hiyo utakuwa nje ya mwamba.

Na hata kukauka kwenyewe ni uzembe wao. Chombo kilicho juu huezekwa makuti, kinarushiwa maji ya chumvi jioni ili mbao zisipasuke. Changu kimepigwa jua wazi muda wote huo. Banda la makuti lipo, lina kivuli kizuri, na chini yake kimekaa chombo kingine.

Sasa nifike kwenye chombo hicho. Ni dau linalotengenezwa kwa ajili ya mashindano, mwenyewe ana pesa na analipa kwa wakati. Sina ugomvi naye, wala hajui. Lakini gunia la pamba lenye alama yangu ya rangi nyekundu nililikuta pale chini yake, tupu. Mafuta yangu sikuyauliza tena.

Misumari nayo! Tulipatana misumari iliyochovywa zinki, na kila kichwa kifungwe uzi wa pamba uliolowa mafuta, kama kazi inavyotaka. Kwenye zile mbao mbili mpya wamepiga misumari mitupu ya dukani. Kutu imeshaanza kuchuruzika juu ya rangi nyeupe kabla chombo hakijaona maji. Tanga la maradufu waliliweka likiwa bichi, limeota kuvu kwenye mikunjo. Jarari, kamba ya kupandishia tanga, wameirudisha; demani, kamba ya kulishikia, haijulikani ilikokwenda.

Kuna watu watasema nimekuza jambo, nimalize na fundi pembeni kama jirani na jirani. Mimi na yeye tunaswali msikiti mmoja, na nilikwenda kwake nyumbani kabla ya kuja hapa. Lakini fikirini chombo hiki kinakwenda kufanya nini. Asubuhi kinabeba wageni na wenyeji, kina mama na watoto, kati ya Amu, Manda na Mokowe. Usiku kinavua. Tangu bandari mpya ya Lamu kule Kililana ianze kazi mwaka 2021, nahodha wangu analalamika kwamba samaki wa karibu hawapati kama zamani, analazimika kutoka nje mpaka upande wa Kiwayu. Huko kaskazi likivuma jioni mawimbi hayana mchezo. Kama nisingekuwa na kisu siku ile, ningelipa salio, ningewaita watu wa kuvuta, tungeisukuma majini kwa shangwe, na ubao wa chini ungefunguka siku watu wako ndani. Mtu anayeficha tundu chini ya rangi akijua chombo kitabeba roho za watu, hilo si kosa la kazi. Ni hiana.

Sisemi mafundi wote. Mashua hii hii iliwahi kutiwa kalafati na mzee mmoja, Mungu amrehemu, na pamba yake ya omo ndiyo iliyodumu mpaka leo ikapakwa rangi juu. Hasira yangu ni kwa watu wanaokula jina la mafundi kama yule.

Ninachodai nimekiweka wazi mbele ya wazee na kamati ya ufuoni: pamba na mafuta yarudi, au thamani yake, misumari ya zile mbao mbili ing'olewe ipigwe mipya kwa gharama yao, rangi yote ya chini ikwanguliwe, na salio sitoi hata senti mpaka mtu ninayemwamini mimi apite mshono kwa mshono. Wenye vyombo ambao bado viko kwenye karakana za hapa, nendeni mkapige kisu leo, kabla ya rangi. Wakikukatalia usichome, hamisha chombo.

Na sasa naomba msaada. Natafuta fundi wa kalafati, wa Matondoni au Kizingitini sawa, awe na mkono wa kazi na vijana wawili, aje afungue mishono ya chini yote. Nalipa kwa siku, jioni kwa jioni, chakula juu yangu. Pamba safi pia natafuta, maana madukani mjini nimezunguka nimekuta kidogo. Mwezi unaandama wiki ijayo, nataka tuwe tayari kwa bamvua itakayofuata mwezi ukipevuka. Mwenye kumjua fundi wa namna hiyo aweke neno hapa chini, nitamjibu usiku huu huu.