Mjomba wake anasema mashetani, mimi naona mtoto anaumwa. Nifanyeje?

mama_kitangari
Habari zenu ndugu zangu. Binti yangu ana miaka 14, yuko fomu wani, tangu mwezi wa 4 kabadilika kabisa, usiku halali, chakula anagusa tu, saizi hata daftari hafungui, ukimuuliza anasema kichwa kinauma na moyo unaenda mbio. Kaka yangu anasema ni mashetani ya ukoo, anataka akapungwe kwa mganga, na mnajua huku kwetu Newala mjomba akishasema basi, watoto wa dada ni wake. Mimi nataka hospitali ila sitaki kugombana nae. Nani kapitia hili?

nesi_lindi
Pole sana dada. Mimi ni nesi, watoto kama huyo nawapokea na wengi wanaanza na kichwa au tumbo, maana kwetu mtoto akisema ana huzuni anaambiwa anadeka, ila kichwa kikiuma anasikilizwa. Ukienda hospitali sema yote, usingizi, chakula, shule, ukisema kichwa tu mtapewa panado mrudi. Shirika la Afya Duniani linasema katika kila vijana 7 wa miaka 10 mpaka 19 mmoja ana tatizo la afya ya akili, kwahiyo sio ukoo wenu tu. Mwezi wa 4 hapo nyumbani kulitokea nini? Na kashawahi kusema anatamani kufa? Kama ndio usisubiri kikao cha ukoo, mpeleke leo leo, na dawa za kupulizia mikorosho zitoe humo ndani, asije akazinywa.

mama_kitangari
Kufa hajasema. Mwezi wa 4 tulimzika mama yangu, ndo aliyemlea toka kaacha ziwa mpaka darasa la 5. Siku ya msiba watoto tuliwapeleka kwa jirani, wanarudi bibi kashazikwa. Jamani sikuwahi kuunganisha haya mambo.

mjomba_masasi
Mpwa wangu tulimzungusha kwa waganga mwaka mzima, hela ya korosho yote ikaishia huko, kumbe kifafa. Usimwambie kaka yako "ugonjwa wa akili", atasikia kichaa na atawaza Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma. Mwambie wewe ndo mjomba wake, mpeleke wewe hospitali. Hapo habishi. Dua za nyumbani ziendelee, ila mtoto asifungwe, asipigwe, asifukizwe mpaka akose pumzi.

binti_mikindani
Somo wake wa unyago, yule mama aliyemfunda, yupo? Mimi mambo yangu yote nilikuwa namwambia somo, kwa mama naona aibu. Zimbabwe tangu 2006 wanawafundisha mabibi wa mtaani wakae kwenye benchi wawasikilize watu wenye mawazo mengi, sisi hao watu tunao tayari ila unyago ukiisha tunawasahau. Somo aende nae kaburini kwa bibi, mtoto aombe dua, alie.

mama_kitangari
Nimempigia kaka. Alikaa kimya sana, halafu na yeye akaniuliza, hivi kaburini huyu mtoto tulishampeleka? Jumatatu asubuhi anakuja na pikipiki, anampeleka hospitali mwenyewe.