Kamera za mkanda (filamu) za kizamani, zile za kukoki kwa mkono, utamu wake uko wapi hasa?

Mshumaa_Dar:

Wakuu habari za jioni. Mi napiga picha za shughuli hapa mjini, sendofu, maulidi, bethidei za watoto, natumia digitali ya kawaida tu na mkono unaenda kinywani. Sasa mwaka huu wateja wameanza kuniuliza kama naweza kuwapigia hata chache za mkanda, na vijana wenzangu ndo usiseme, kila mtu kajitundika shingoni Pentax K1000 au Canon AE-1 au lile Zenit la Mrusi zito kama tofali. Juzi jamaa kanishikisha K1000 yake, nikavuta kile kimkono, nikabonyeza, ikalia klaak, na kusema kweli nilisikia raha fulani hivi. Ila raha ya mlio sio sababu ya kutoa hela jamani.

Wanaojua naomba mnisaidie, kinachopendwa kwenye hizi mashine ni kitu cha kweli au ni mbwembwe za Instagram? Kuna muuzaji anazo K1000 na AE-1, AE-1 inavutia zaidi kwa macho lakini kuna mtu kaniambia niiache, hakunieleza kwa nini. Na kingine, betri ikiwa haipo mwanga mnapimaje? Mi nimezoea napiga, naangalia, narekebisha.

mzee_wa_pasipoti:

Kijana karibu. Mimi studio nimeikalia Tanga tangu enzi ukipiga picha ya pasipoti unaambiwa njoo keshokutwa. Ndani tulikuwa na Yashica Mat 124G, ile ya lensi mbili unayoiinamia kwa juu, picha 12 basi mkanda umekwisha, na harusini tunatoka na K1000.

Nikwambie ukweli, sisi hatukuwa na mahaba nazo. Tulizitaka kwa sababu hazikwamishi kazi. K1000 ilitoka 1976 wakaitengeneza mpaka 1997 na miaka yote hiyo karibu hawakuigusa, wangebadilisha nini? Shata yake, ule mlango wa kupitisha mwanga, ni mapazia mawili ya kitambaa na springi. Ukivuta mkono unasogeza mkanda na hapohapo unakaza springi, ukibonyeza pazia la kwanza linakimbia, la pili linalifuata nyuma, ule mwanya kati yao ndo spidi yako, mwembamba ukiweka 1/1000, mpana ukishuka. Hakuna umeme hapo. Kile kibetri cha kidonge kazi yake ni kuchezesha sindano ya kupimia mwanga tu, kikifa katikati ya harusi huko Handeni unaendelea kupiga kama hakijatokea kitu. AE-1 nayo ni ya 1976 hiyohiyo, kamera nzuri siikashifu, lakini shata yake inaongozwa na umeme, ile betri ya volti 6 ikifa umebaki na pambo. Nadhani aliyekwambia uiache alimaanisha hilo. Halafu fundi wa springi unaweza kumpata, akaifungua akaisafisha ikarudi, saketi ya mwaka 1976 ikiungua nani atakupa nyingine?

Mwanga. Zamani Kodak walikuwa wanachapa vijipicha vya jua na mawingu kwenye boksi la mkanda, tulivikariri. Jua liko wazi na kivuli chako chini kina kingo kali, weka tundu la lensi f/16, spidi iwe ile iliyo karibu na namba ya mkanda, mkanda wa 200 weka 1/250, wa 400 weka 1/500. Wingu jepesi f/11, likitanda f/8, kivulini chini ya mwembe f/4. Wiki mbili ukitembea unabahatisha kichwani kabla hujainua kamera utaona sindano inakuja kukuthibitishia tu.

Na hili hata wenye sindano nzima linawaumiza. Sindano haijui unapiga nini. Bwana harusi kanzu nyeupe, bibi harusi shela jeupe, sindano inaona weupe mwingi inakwambia punguza, ukiitii nguo zinatoka kijivu na nyuso zetu zinazama kabisa, ndugu wanakuja studio wanauliza huyu ni nani. Sogea upimie uso peke yake halafu rudi nyuma upige, au ongeza stopu moja, yaani mwanga mara mbili, juu ya inachosema. Mkanda wa rangi mwanga ukizidi kidogo unavumilia, ukipungua hauna msamaha.

Msee_wa_Lensi:

Mzee shikamoo, umesema vizuri lakini tusimpoteze kijana, hajaulizia pesa bado na hapo ndio kuna maneno.

Bro, zile rangi wateja wako wanataka si za K1000. Ni za mkanda, na za yule mtu wa kusafisha na skana yake. Chukua roli mbili za mkanda wa Kodak Gold, moja weka kwa K1000 na nyingine kwa AE-1, lensi zinazokaribiana, mwanga uleule, halafu mwambie mteja achague, atachagua ile amependeza usoni. Kwa hivyo yeyote anakwambia kamera ya springi inatoa picha yenye roho, mwambie akuonyeshe hiyo roho kwa negativu. Halafu piga hesabu yako vizuri, roli, kusafisha, kuskani, na hapa Nairobi wanaosafisha mkanda wa rangi bado tunawahesabu kwa vidole, gawanya hiyo yote kwa 36 ndio ujue kila klaak inakula ngapi. Kama mteja halipi ziada usianze hiyo biashara.

Sasa utaniuliza mbona mimi ninayo na siuzi. Nitakwambia. Haina menyu. Kuna spidi, kuna tundu la lensi, kuna umbali, vyote vitatu viko nje vimeandikwa namba, unaviona hata kamera ikiwa imelala mezani. Ukishavipanga mashine haina maoni tena, haiamui yule wa nyuma ndio muhimu, haingojei kutafuta jicho la mtu. Digitali yangu imenizidi akili na bado kila siku nabishana nayo. Na kitu kingine, ukipiga watoto na simu au digitali, picha ya kwanza tu wote wamevunja mstari wamekuja kuangalia skrini, kuwarudisha ni kazi. Na hii ya mkanda wanakuja mara moja, wanakuta nyuma ni ngozi nyeusi tupu, wanarudi mahali yao.

Ati mbwembwe? Ziko, nyingi sana. Lakini angalia Pentax wenyewe, 2024 wametoa Pentax 17, mpya, ya mkanda, na wangeweza kuweka mota ya kuvuta roli lakini wakaweka mkono wa kuvuta kwa kidole gumba. Hao ni watu wa biashara, wanajua ni nini inanunuliwa. Hiyo ni ya nusu fremu, roli ya 36 inakupa 72, kwa pesa inasaidia, ila hiyo inataka betri.

Bi_Helios:

Salaam kutoka Hamburg. Naona hilo Zenit la Mrusi limetukanwa hapo juu na hakuna aliyelitetea 😂

Mi natumia Zenit-E, niliipata soko la mitumba la Jumapili, ina ile alama ya Olimpiki ya Moscow 1980. Zilianza kutoka 1965 kiwanda cha Krasnogorsk karibu na Moscow na zilitoka kwa mamilioni ndo maana mpaka leo bei yake haitishi. Ukiona K1000 imerahisishwa basi hujaona hii, spidi tano tu kuanzia 1/30 hadi 1/500, na B ya kushikilia shata wazi, kwisha. Kipima mwanga chake ni kile cha seleni, kioo chenye vijimabonde kwa mbele juu ya lensi, hakitaki betri maana mwanga wenyewe ndo unasukuma sindano, ila nyingi zimeshachoka kwa hiyo usiiamini, fuata ile f/16 ya mzee.

Lensi yake Helios 44-2, hiyo ndo watu wanaifuata, ukiifungua mpaka f/2 na mtu amekaa mbele ya majani yenye jua yanayopenya, nyuma yake panazunguka kama kimbunga. Sasa namna ya kuitumia. Kuna ringi mbili, moja unachagua namba, tuseme f/8, nyingine ni ya kufungua na kufunga. Unafungua yote ili uone vizuri, unatafuta umbali, halafu bila kutoa jicho unazungusha ringi ya pili kwa kidole mpaka igote, kwenye kidirisha cha kuchungulia giza linaingia, ndo unabonyeza. Kila picha hivyohivyo. Dada yangu aliniona akasema hiyo ni adhabu. Mi ndo napapenda hapo, nikiona giza linaingia najua kabisa nimefanya nini, wala sihitaji taa ya kijani kuniambia.

Jihadhari tu na kidirisha chake, kinakuonyesha kama theluthi mbili ya picha itakayotoka. Ndoo, viatu, mkono wa shangazi, vyote ambavyo hukuviona pembeni vitakuja kwenye picha.

mzee_wa_pasipoti:

Bi Helios umenikumbusha, walikuwa nazo wale vijana waliorudi kusoma Urusi. Lensi tuliwaonea wivu.

Msee, marahaba. Kwenye pesa sikupingi. Ila negativu nayo usiidharau. Kijana ukifika Unguja pita Kenyatta Road pale Capital Art Studio, ilifunguliwa 1930 na marehemu Ranchhod Oza, uone nyeusi na nyeupe za mji ule wa wakati huo. Kilichozibeba mpaka leo ni negativu, kitu cha kushika mkononi, hakina nenosiri la kusahau.

Mshumaa_Dar:

Aisee asanteni sana, nimesoma mara mbili. AE-1 naiacha. Nikienda kuiangalia hiyo K1000 nikague nini? Muuzaji anasema "nzima kabisa" na mi sina mkanda wa kujaribia siku hiyo.

mzee_wa_pasipoti:

Mkanda huhitaji. Fungua mgongo, koki, weka spidi ya sekunde 1, bonyeza na usikilize huku unahesabu. Ikivuta sekunde mbili au ikikwama wazi, oili imeganda, inataka kusafishwa, shusha bei. Panda mpaka 1/1000 ukiwa umeielekeza dirishani, uone mwanga unapita fremu nzima, upande mmoja ukiwa mweusi pazia limechoka. Tazama lile pazia kama lina vitobo. Ile sponji nyeusi pembeni mwa mlango ukiigusa ikakunatia kidole imeoza, si ugonjwa mkubwa, inabadilishwa.

Lensi sasa. Itoe, ifungue yote, mulika na tochi ya simu kwa nyuma. Ukiona vinyuzi kama utando wa buibui hiyo ni fangasi, na sisi watu wa pwani ndo adui yetu mkubwa. Ukiipata safi usiiweke kwenye lile koti lake la ngozi kabatini, ngozi inakaa na unyevu. Weka kwenye kopo la plastiki linalobana na vile vipakiti vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

Na kofia ya lensi usiipoteze. K1000 haina swichi ya kuzima, mwanga ukiingia tu sindano inafanya kazi, ukiiacha wazi mezani inamaliza betri.

Bi_Helios:

Niongeze moja. Ukishaweka mkanda na kufunga mgongo, zungusha taratibu kile kitufe cha kurudishia mkanda mpaka ukaze, halafu vuta mkono ukikitazama. Kikizunguka, mkanda unatembea. Kikitulia, mkanda haujashika, na utapiga harusi nzima unahesabu mpaka 36 na ndani hakuna kitu.

Na ukisafiri kwa ndege usiuweke kwenye begi la chini, beba mkononi uombe waukague kwa mkono. Zile mashine mpya za CT za kukagulia mizigo zinauharibu.

Mshumaa_Dar:

La mwisho wakuu, huyo muuzaji ananipa na mikanda mitatu ya Kodak Gold 200 bure, imeandikwa mwisho 2009. Nichukue?

Msee_wa_Lensi:

Chukua, ya bure haikataliwi, lakini muulize ilikuwa imekaa wapi. Kama ni friji iko na matumaini, kama ni droo ya duka hapo Dar rangi zimeenda na chembe zitakuwa kama mchanga. Watu wengi huongeza mwanga stopu moja kwa kila miaka kumi, so hiyo 200 usiweke 200, ipige kama ni ya 64 hivi. Pigia marafiki. Harusi ya mtu nunua mpya na uweke digitali kwa begi.