"Wamekula pesa": tuendelee kusema hivyo ama tuache?

Jirani wa Buru

Wadau, naleta hoja moja na mnipinge mkitaka. Hapa kwetu Kenya wizi wa pesa ya umma tumeupa lugha ya chakula. Waziri hajaiba, amekula. Karao, yaani polisi, haombi rushwa, anaomba chai ama kitu kidogo. Serikali ya muungano ya 2008 hadi 2013 tuliita nusu mkate, bajeti ni keki ya taifa, na eneo ambalo halina mtu kwa baraza la mawaziri linalia ati zamu yao ya kula haijafika. Magazeti yanaandika vivyo hivyo, redio ndio usiseme.

Shida yangu si adabu. Shida ni kwamba kwa meza ya chakula kuna watu aina mbili tu, anayekula na anayengoja. Aliyeibiwa hayuko, hana hata kiti. Ukishaupanga wizi hivyo kichwani huwezi kukasirika, unaweza tu kuona wivu, na swali linatoka kwa "nani amechukua" linakuwa "na sisi lini". Angalia kijana akinyakua simu pale Muthurwa, huyo ni mwizi na mawe atarushiwa kabla hajafika stegi. Lakini kashfa ya 2020 ya KEMSA, shirika la serikali la dawa na vifaa vya hospitali, pesa za vifaa vya madaktari wakati watu wanakufa na Covid, wahusika tukawaita mamilionea. Mamilionea!

Shuleni tuliambiwa sitiari ni pambo, unaichomoa kwa shairi, unaandika na mfano, unapata alama zako unaenda nyumbani. Wasomi wawili wa Marekani, Lakoff na Johnson, walikuja 1980 wakasema hapana, sitiari ndio akili inatumia kushika mambo ambayo mkono hauwezi kushika. Mabishano kwa mfano tunayaongea kama vita: unamshambulia mtu, anajitetea, hoja yake inaanguka, unamshinda. Na tukishayaongea hivyo tunayaendesha hivyo, ndio maana hakuna mtu hutoka kwa mjadala akifurahi kuwa amejifunza kitu. Kwa hivyo pendekezo: vyombo vya habari viache "kula" na "chai" kwa habari za ufisadi, viandike kuiba na rushwa (anadaiwa, najua, mawakili msiniandikie). Nani anapinga?

Makanga Mstaafu

Mimi. Nimefanya Jogoo Road miaka mingi kwa hivyo hii siongei ya kusoma. Nikuambie vile inaendaga: gari inapunguza mwendo, karao hata hakuangalii, anaangalia ile gari iko nyuma, wewe umekunja mia mara nne imebaki kipande cha kutoshea kati ya vidole viwili, unashusha mkono nje ya mlango ni kama unashikilia tu, mkono unarudi mtupu, twende. Hakuna mtu amesema chai hapo, hakuna mtu amesema rushwa, hakuna mtu amesema kitu. Sasa wewe unataka kubadilisha neno ambalo hata halisemwi? Sheria ya Rushwa iko tangu 2016 na imeandikwa lugha kavu kabisa, na ile mia bado inakunjwa. Na hiyo chai ikisemwa inasemwa kwa sababu huwezi peleka chai kortini, mtu atasema niliona kiu. Watu hawajadanganywa na neno boss, wanalitumia.

Mwalimu Kasarani

Ndugu Jirani, hoja yako tamu lakini umeruka mto mzima. Kusema tunaongea kwa sitiari ni jambo moja, kusema sitiari inabadilisha uamuzi wa mtu ni jambo lingine, na hilo la pili lazima lipimwe. Limepimwa. Mwaka wa 2011 Thibodeau na Boroditsky, wakiwa Stanford, waliwapa watu habari fupi ya mji wa kubuni unaoitwa Addison wenye uhalifu unaopanda, takwimu zile zile kwa wote, tofauti ni kwamba wengine walisoma uhalifu ni mnyama mkali anayewinda mji na wengine walisoma ni virusi vinavyoambukiza mji. Waliosoma mnyama walielekea zaidi kutaka polisi na jela. Waliosoma virusi, wengi zaidi kuliko wenzao walisema tutafute chanzo, elimu, umaskini. Walipoulizwa nini kiliwashawishi wengi wakasema takwimu, yaani ile sitiari hawakuiona hata. Na kitu kimoja ambacho wahariri wangefaa kusikia: sitiari ikiwekwa mwishoni mwa habari haikufanya kazi, ilifanya ikitangulia.

Sasa kabla hujashangilia. Mwaka wa 2014 Steen na wenzake kule Uholanzi walirudia jaribio, wakaongeza na habari isiyo na sitiari yoyote ili kuwe na cha kulinganisha, na hawakuona tofauti. Mabishano yakaendelea na bado yanaendelea. Kwa hivyo nguvu ya sitiari inaweza kuwa ndogo, na inategemea mtu alikuwa anaamini nini kabla. Mtu aliyelipa ada ya shule ya mtoto mara mbili kwa sababu basari ilipotea hahitaji nimbadilishie kitenzi.

Shiru Zimma

Mwalimu na heshima zako zote, hayo majaribio ni ya watu wamekaa kwa kompyuta wanasoma aya moja mara moja. Sitiari za siasa zinasikika kila siku miaka ishirini, tena kwa lugha ya mama, tena kwa mtu unayemwamini. Rwanda watu waliitwa mende kwa redio mpaka 1994 ikafika. Mahakama ya kimataifa ya Rwanda, ile ya Arusha, mwaka wa 2003 iliwahukumu watu watatu waliohusika na redio ya RTLM na gazeti la Kangura, na moja ya makosa ni uchochezi wa mauaji ya kimbari, kwa hivyo usiniambie ni pambo. Hapa kwetu "madoadoa", yaani jamii zinazoonekana ni za kuja, imetumika Bonde la Ufa tangu vita vya miaka ya 1990 na kila mtu alijua doa hufanyiwa nini, linatolewa. Hakuna mtu alihitaji kumalizia sentensi. Hiyo ndio kazi ya sitiari, msikilizaji anamalizia mwenyewe halafu msemaji anasema mimi sikusema.

NCIC, tume ya uwiano na utangamano, kabla ya uchaguzi wa 2022 ilitoa orodha ya maneno, madoadoa yakiwemo, mende, kwekwe. Sheria yao ya 2008 ina faini ya hadi milioni moja ama miaka mitatu ndani. Mimi nilifurahi.

Otieno wa Kariobangi

Ulifurahi nini sasa dada na orodha hiyo hiyo ilikuwa na "hatupangwingwi" ndani. Neno la vijana, la kusema hatupangiwi. Ukikata maneno badala ya kuangalia nani anaambia nani na wako wapi na wamebeba nini, utaishia kushika msela amevaa tisheti. Madoadoa ikikatazwa watasema nyasi, nyasi ikikatazwa watasema mgeni asisahau kurudi kwao. Huwezi maliza. Sitiari haikai kwa neno, inakaa kwa kile watu wawili wanajua pamoja.

Na mnasahau zinaenda juu pia, si chini tu. 2024 wakati wa Mswada wa Fedha watu walimwita Rais Ruto "Zakayo", yule mtoza ushuru wa kwa Biblia aliyepanda mti. Jina moja, na mama ambaye hajasoma ukurasa mmoja wa mswada alijua unahusu nini, na hata akajua anataka nini kifanyike, Zakayo ashuke. Juni 26 mswada ukarudishwa, siku moja baada ya watu kuingia Bunge. Siwezi sema ni jina lilifanya hiyo, watu walikufa. Lakini ningetaka kuona mtu akiweka hiyo hasira yote kwa neno "kodi ya ziada ya thamani".

Shiru Zimma

Otieno, Zakayo ni mtu, na kwa hiyo hadithi alitubu akarudisha mara nne. Mende hutubu? Kuna sitiari inamwachia mtu mlango na kuna ingine inaufunga. Hiyo ndio tofauti ningetaka sheria iangalie.

Jirani wa Buru

Shiru hiyo naiweka kando nitairudia. Na nguruwe je? Mei 2013 mwanaharakati Boniface Mwangi na wenzake walimwaga nguruwe na damu nje ya Bunge, wabunge wakitaka mshahara uongezwe. Mimi naona hiyo picha ilifanya kitu maneno yamekataa kufanya: ilichukua kula yetu ikaionyesha domo. Unaona pua kwa damu, unaona vile mnyama haangalii juu. Hakuna mtu alipita Parliament Road akasema na mimi zamu yangu.

Mwalimu Kasarani

Kuna wengi walichukizwa, wa dini na wa kutetea wanyama. Na kwa kipimo cha Shiru nguruwe hatubu.

Shiru Zimma

Nguruwe ana ulinzi, gari la serikali na wakili. Mende alikuwa jirani bila kitu. Usiniwekee kwa mizani moja.

Nyina wa Mapacha

Nyinyi mnaongea siasa kubwa mimi niwape ya kaunta. Nilikuwa nafuatilia karatasi za shamba la marehemu baba kwa ofisi moja hapa mjini, siitaji. Karani mtulivu kabisa, anakuita mama, anafungua droo anaifunga, ananiambia "mama faili yako imelala". Wiki ijayo, bado imelala. Halafu mlinzi wa mlango ndio akanieleza kwa upole kwamba faili huamshwa. Sasa angalia hiyo sentensi. Nani ameilaza? Hakuna. Imelala yenyewe kama mtoto. Mimi nimesimama hapo nimefika na hasira na najikuta nazungumza kwa sauti ya chini, kweli, ni kama kuna mtu amelala. Nilishtuka baadaye kwa basi. Makanga anasema watu hawadanganywi na neno, sawa, sikudanganywa, nilijua anataka pesa. Lakini hasira yangu alinipokonya, na alitumia neno moja.

Makanga Mstaafu

Mama hiyo ya faili ni kali. Lakini ulitoa?

Nyina wa Mapacha

Swali lingine.

Mhariri wa Zamu ya Usiku

Nafanya kazi kwa chumba cha habari, sitasema kipi. Jirani anataka tuandike "ameiba". Hatuwezi, mtu hajahukumiwa, kesho yake tuna barua ya wakili mezani. Kwa hivyo ukituondolea "kula" hatutaandika kuiba, tutaandika kile tunachoandika tayari nusu ya siku: pesa zimepotea, mabilioni yatoweka, fedha zafyonzwa. Someni vichwa vya habari kuanzia kashfa za Goldenberg na Anglo Leasing hadi leo, pesa zinapotea kama zina miguu. Hapo hakuna mwizi, hakuna hata anayekula. "Kula" angalau ina mdomo, na mdomo ni wa mtu. Mimi nikilazimishwa kuchagua kati ya hizo mbili nitachukua "wamekula" kila usiku.

Jirani wa Buru

Basi tusichague kati ya hizo mbili. Hati ya mashtaka huwa na jina la kampuni, kiasi na tarehe. Andika "milioni kadhaa zililipwa kampuni fulani kwa dawa ambazo hazikufika hospitali fulani". Hapo hakuna kesi, na mgonjwa wa hiyo hospitali amepata kiti.

Mhariri wa Zamu ya Usiku

Hilo ni aya ya pili bro. Kichwa kina maneno sita, na Mwalimu ametuambia ni kipi kinasomwa kwanza.